Kinyago cha karatasi cha Hamada: ni cha kweli au cha watalii?

*"Shikamoo mwalimu. Nasoma Hiroshima, kwetu ni Mtwara. Mwezi wa kumi mama anakuja kunitembelea, na nimepanga tukae siku mbili Hamada, mkoa wa Shimane, tutengeneze vinyago vya kagura, ngoma ya jadi ya huko, kwenye karakana inayopokea wageni. Mwenzangu chuoni ameniambia vinyago vya kweli vya Japani ni vya mbao, vile vya Noh. Anasema hivi vya karatasi ni vya watalii, na saa mbili tutakazokaa pale tutapaka rangi tu. Babu yangu alichonga mapiko, vile vinyago vya ngoma vya Wamakonde, huko Newala, kwa hiyo sitaki kumpeleka mama kwenye mchezo wa kitoto. Mama naye anauliza kama si mambo ya mizimu, na anakumbuka kwamba kwao mwanamke hakugusa lipiko. Isitoshe, ngozi yake huharibika akigusa maganda ya korosho, na nimesoma kwamba Wajapani hutumia utomvu unaowasha. Twende au tuache? Na tukienda, tunaweza kuendelea na kazi hiyo tukirudi nyumbani?"*

Marahaba, binti yangu. Nendeni. Ila nataka mwende mkijua mnachokwenda kufanya, kwa sababu mwenzako amekosea jambo moja na amepatia lingine, na ameyachanganya yote mawili.

Alipokosea ni kwenye karatasi. Japani ina michezo mingi ya vinyago. Noh ni mmoja wao: wa polepole, umekua tangu karne ya 14, na vinyago vyake huchongwa kwa mti uitwao hinoki. Kagura ya Iwami, yaani upande wa magharibi wa Shimane ambako Hamada iko, ni mchezo mwingine kabisa. Ni ngoma ya visa vya miungu na mazimwi, yenye mapigo ya kasi, watu wanazunguka na kuruka huku wamevaa mavazi mazito yaliyotariziwa kwa nyuzi za dhahabu. Zamani huko Iwami nako walivaa vinyago vya mbao. Mwanzoni mwa enzi ya Meiji, iliyoanza mwaka 1868, serikali iliwazuia makuhani wa Shinto, dini ya jadi ya Japani, kucheza kagura, na wanakijiji wakaipokea. Mikononi mwao ngoma ikachangamka. Sasa jaribu kuruka na kuzunguka kwa nusu saa ukiwa na gogo usoni. Shingo inachoka, na kinyago kinapitwa na kichwa: kichwa kimeshageuka, chenyewe bado kinafuata.

Pale Hamada, mtaa wa Nagahama, walikuwapo mafundi wa wanasesere wa udongo, watu waliojua kufinyanga sura na kuipaka rangi. Ujuzi wao ukakutana na karatasi ya eneo hilohilo, na hapo kikazaliwa kinyago cha karatasi. Kilizaliwa kwa sababu wachezaji walikihitaji, na hadi leo vikundi zaidi ya 100 vya kagura katika eneo lile hucheza na vinyago hivyo. Wakati wa sherehe za mavuno wanacheza kwenye mahekalu usiku kucha mpaka alfajiri. Ukimwambia mchezaji wa pale kwamba kinyago chake ni cha watalii, atakushangaa.

Tena karatasi yenyewe si ile ya daftari. Ni washi ya Sekishu, inayotengenezwa Misumi, ndani ya Hamada hiyohiyo, kutokana na gome la ndani la mti uitwao kozo. Aina yake ya Sekishu-banshi iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2009. Nyuzi za kozo zina urefu wa milimita 10 hivi kwa wastani, wakati za karatasi ya kawaida ya mbao ni milimita 1 hadi 3. Nyuzi ndefu hushikana kama ukili uliosukwa, ndiyo maana karatasi nyembamba kiasi kile huwezi kuipasua kirahisi. (Kozo unajulikana hata Afrika Mashariki, ingawa kwa sifa mbaya: Uganda umekuwa mti mvamizi katika misitu kama Budongo.)

Alipopatia mwenzako ni kwenye saa mbili. Katika saa mbili hakuna anayetengeneza kinyago. Ngoja nikueleze kazi yote ili uone sehemu yenu ni ipi.

Fundi huanza na sura ya udongo. Hufinyanga kalibu kamili, yenye pua, mikunjo ya paji la uso na meno, kisha anaiacha ikauke. Halafu huchana washi vipande vidogo. Huchana kwa mkono, hakati kwa mkasi, kwa sababu ukingo uliochanwa una nyuzi zinazochomoza, na nyuzi hizo zikilala juu ya kipande cha jirani mshono hauonekani. Vipande hubandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya wanga iliyochanganywa na kakishibu, yaani maji ya matunda mabichi ya kaki yaliyochachushwa. Kaki hapa ni tunda, usichanganye na kaki ya bahasha. Mama ataielewa kakishibu kuliko wewe: ule ukakasi unaokunja ulimi ukitafuna bibo la korosho ambalo halijaiva vizuri ndio huohuo. Unaitwa tanini. Kakishibu inapokauka, tanini hujifunga yenyewe kwa yenyewe na kuwa utando mgumu usioyeyuka tena kwa maji. Karatasi inakakamaa, inapata rangi ya kahawia, na wadudu wanaopenda wanga hawaifurahii. Wajapani walitumia kakishibu hata kwenye miamvuli na nyavu, kama sisi mwambao tulivyotumia gome la mkoko.

Tabaka zikishakauka kabisa, fundi huchukua nyundo ya mti na kuuvunja udongo uliomo ndani. Sura aliyoihangaikia kwa siku nyingi inakuwa vumbi, na mkononi linabaki ganda la karatasi, tupu na jepesi. Ukibahatika kuiona hatua hii, itazame vizuri. Mimi mara yangu ya kwanza sikungoja. Niliuvunja udongo kwa nje kukiwa kukavu na ndani bado kuna unyevu, na usiku huo shavu moja likajikunja kuelekea puani. Hapakuwa na cha kurekebisha. Karatasi husinyaa ikikauka, na kama haina kitu cha kuishikilia, husinyaa inavyotaka yenyewe.

Ganda hilo hutobolewa macho, huchongwa kingo, kisha hupakwa gofuni, unga mweupe wa magamba ya chaza uliokandwa na gundi ya ngozi iitwayo nikawa. Hupakwa nyembamba mara nyingi, na msasa unapita katikati. Ndipo rangi, dhahabu ya macho, nyusi na nywele. Kazi yote huchukua majuma.

Kwa hiyo karakana inayopokea wageni kwa saa mbili hukupa ganda lililokwisha kupakwa nyeupe, na wewe unatia uso. Hapo ndipo ninapotofautiana na mwenzako, kwa maana kutia uso ndiko kunakoamua kama kinyago kitaonekana hai au kitakuwa sahani yenye rangi. Kosa lake ni kusema "kupaka rangi tu", na kosa la baadhi ya matangazo ni kusema "tengeneza kinyago chako mwenyewe". Kabla hujalipa, uliza swali moja: mikono yetu itafanya hatua zipi, na hatua zipi tutaonyeshwa na fundi? Mahali pa uaminifu watakujibu mara moja. Kama kuna fundi wa kweli anayefanya kazi zake palepale, na mnaruhusiwa kuona kalibu za udongo na maganda yanayokauka, hizo saa mbili zina thamani. Kama ni chumba chenye meza na maboksi ya vinyago vya plastiki, mpeleke mama baharini mkale samaki.

Zipo njia nyingine, nikuambie kwa haki. Misumi kuna jumba la washi ya Sekishu ambako mgeni anaweza kuchota rojo la kozo kwa fremu na kutoka na karatasi aliyoitengeneza mwenyewe. Kwa mtu aliyekua karibu na kazi za mikono, hili huenda likamgusa mama kuliko kinyago, na ningelichanganya na kinyago katika siku zenu mbili. Kubandika tabaka mwanzo hadi mwisho kunataka kurudi mara kadhaa, na wewe unayeishi Hiroshima unaweza, basi la Hamada ni mwendo wa saa mbili hivi. Kuchonga kinyago cha Noh kwa mti ni jambo la wanafunzi wanaohudhuria mara kwa mara kwa miezi mingi kabla ya kumaliza kimoja. Usimwekee mama mzigo huo.

Ninachokusihi zaidi ni hiki: tazameni kagura kabla ya kushika brashi. Hamada kuna maonyesho ya Jumamosi usiku yaliyowekwa ili hata mgeni ayaone. Thibitisha tarehe kwenye ofisi ya utalii ya mji, kwa sababu Oktoba ni msimu wa sherehe na ratiba hubadilika. Kinyago cha kagura hakikukusudiwa kutazamwa kwa karibu ukutani. Kimechorwa kwa jicho la mtu aliyekaa mbali, taa zikiwaka, na ngoma inakwenda mbio. Ukimwona mungu Susanoo akipambana na Orochi, joka lenye vichwa vinane ambalo mwili wake wa mianzi na karatasi unafika mita 17, utaelewa kwa nini nyusi ni nene kiasi kile, kwa nini mdomo una kivuli cheusi, kwa nini macho ya zimwi ni ya dhahabu. Dhahabu inashika mwanga kila kichwa kinapogeuka. Mkiingia karakanani baada ya kuona hayo, mikono yenu itakuwa na sababu.

Mkiwa pale, nawini mikono vizuri na msijipake mafuta asubuhi hiyo, hata ya nazi. Najua ni shida kwa mama zetu, lakini mafuta yakigusa gofuni rangi haishiki, na alama ya kidole huonekana hata mwezi baadaye. Shikeni kinyago pembeni, penye matundu ya kamba, kama wachezaji wanavyofanya. Pakeni rangi nyembamba, ngojeni ikauke, rudieni. Kila baada ya muda mfupi kiwekeni juu ya kitu, mrudi nyuma hatua nne au tano, mkitazame. Mkiona kinapendeza kwa karibu lakini kwa mbali uso umepotea, ongezeni weusi wa nyusi na kivuli chini ya pua. Wanaoanza wengi huogopa kukoleza.

Sasa swali la mama. Mwambie nalichukulia kwa uzito, na sitamdanganya ili apande basi. Kagura inapochezwa hekaluni ni sadaka kwa miungu ya Shinto, na jina lenyewe limefungamana na ibada. Lakini ngoma hiyohiyo huchezwa kwenye kumbi na majukwaa, na watu huenda na watoto, chakula na vicheko. Ebisu, mungu wa uvuvi, huwarushia watoto peremende. Kinyago atakachokipaka rangi karakanani ni ganda la karatasi, hakuna ibada iliyofanyiwa juu yake. Kama dhamiri yake haimruhusu kuingia hekaluni, chagueni onyesho la ukumbini, na hapo hajapungukiwa na kitu. Wahenga wetu walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi, na kwa hofu ya namna hii nimeona ni kweli: mtu akishaona udongo, uji wa wanga na karatasi vikigeuka zimwi mbele yake, anaanza kumtafuta fundi badala ya mzimu.

Kuhusu mwanamke na lipiko, usimkatize mama akikumbuka hayo. Kwa Wamakonde, siri ya lipiko ilikuwa ndiyo nguvu yake. Wanawake na watoto hawakutakiwa kujua kwamba ndani mna mtu, na lilipotoka kwenye sherehe za jando lilikuwa linawafunza vijana kitu fulani kuhusu hofu na utu uzima. Hamada hakuna katazo la aina hiyo kwa mgeni. Wanawake hupokewa karakanani, na siku hizi baadhi ya vikundi vina wachezaji wanawake. Pengine mama atashika kwa mara ya kwanza kitu cha jamii ya kazi ya baba yake akiwa na umri alionao sasa. Mwache aende kwa mwendo wake. Mwonyeshe na yanayofanana: mapiko mengi yalibandikwa nywele za binadamu kwa nta, na vinyago vya kagura navyo hupandikizwa nywele. Mwonyeshe na yanayotofautiana: lipiko huvaliwa kichwani kama kofia na mchezaji huchungulia kupitia mdomo, wakati cha kagura hufungwa usoni na mchezaji huona kwa vitundu vidogo mno. Yeye ndiye atakayekueleza mengi siku hiyo, kuliko fundi.

La ngozi ndilo nililotaka ulisome mara mbili. Utomvu uliosoma habari zake ni urushi, vanishi ya mti ambao uko katika familia moja na mkorosho na mwembe. Kinachowasha ndani yake huitwa urushioli, na kinafanana sana na vitu vilivyomo kwenye mafuta ya ganda la korosho. Mafuta ya korosho yana mambo mawili: huunguza ngozi ya mtu yeyote kwa ukali wake, na kwa baadhi ya watu mwili hujifunza kuyakataa, kiasi kwamba hata tone dogo baadaye huleta malengelenge. Mwili uliojifunza hivyo unaweza kuikataa urushi vilevile tangu mara ya kwanza, kwa sababu hauoni tofauti. Kwa hiyo mama ana haki ya kuogopa urushi.

Habari njema ni kwamba kinyago cha karatasi alichokifikiria hakihitaji urushi katika hatua ya mgeni. Kakishibu si urushi, na majina hayo mawili yasiwatishe kwa pamoja. Gofuni ni magamba ya chaza, na rangi za wageni mara nyingi ni za maji. Lakini fundi huyo anaweza kuwa na kazi nyingine za urushi chumba hichohicho. Wakati wa kuweka nafasi andika wazi kwamba mama ana mzio wa mafuta ya korosho, na uliza kama kuna urushi mbichi popote karakanani. Ikiwapo, tafuteni karakana nyingine. Urushi iliyokwisha kukauka na kukomaa kwa kawaida haina shida; mbichi ndiyo hatari. Kama siku moja atataka darasa la vanishi hiyo, amwone daktari wa ngozi kwanza, ana kwa ana, wala asijipimie kwa kugusa kidogo. Na ikitokea kagusa bila kujua, upele unaweza kuchelewa siku moja au zaidi kutokea: aoshe kwa maji na sabuni mara moja, asikune, na mwende hospitali ukienea usoni au karibu na macho. Akivimba koo au kukosa pumzi, pigeni 119 papo hapo, ndiyo namba ya gari la wagonjwa Japani.

Jambo lingine dogo: nikawa hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, aghalabu ng'ombe. Kama kwenu hilo lina uzito kidini, ulizeni imetokana na nini au ombeni rangi zisizo nayo.

Kuendelea nyumbani mnaweza, tena vizuri. Udongo wa mfinyanzi mnao. Badala ya washi tumieni karatasi ya kaki, ile ya mifuko ya kahawia, kwa kuwa hutengenezwa kwa nyuzi ndefu za misonobari na huvumilia kuliko gazeti. Msitumie mifuko ya saruji iliyokwisha kutumika, vumbi lake linaunguza mikono. Uji wa muhogo ni gundi nzuri sana, ila mende wanaupenda, kwa hiyo kinyago kikikauka kipakeni vanishi ya dukani ndani na nje. Tabaka nane hadi kumi zinatosha kuanzia. Kwenye masika ya Mtwara msiuvunje udongo mpaka mkigonga ganda litoe mlio mkavu kama wa kibuyu, na kama mna shaka, ongezeni siku mbili.

Kwa safari, kinyago kiingie mkobani, mama akipande nacho ndege. Chagueni kisicho na nywele za mnyama au chenye nywele za bandia, ili forodhani msiwe na maelezo marefu. Msikifunge kwenye nailoni: gofuni na nikawa hunywa unyevu wa hewa, na ndani ya nailoni ukungu huota haraka. Kizungushieni kitambaa cha pamba, mkiweke kwenye boksi gumu pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Nyumbani kisikae juani, wala jikoni, wala mbele ya kiyoyozi, kwa maana unyevu ukipanda na kushuka gofuni hupasuka. Vumbi litolewe kwa brashi laini kavu. Kitambaa chenye maji kisikiguse kamwe, kitaondoka na uso. Rangi ikianza kuinuka kama magamba, msitie gundi ya dukani. Kilazeni chali kwenye boksi mpaka mtu anayejua ukarabati akione kwa macho yake.

Na mama akifika Mtwara, akitoe kwenye boksi siku hiyohiyo, akiache mezani kipate hewa chumbani kabla ya kukitundika.